Waombolezaji Kumi na Mmoja

Skripti ilisema: *Msiba. Watu mia mbili
wanashuka mgombani, mvua inanyesha.*
Mvua tuliipata bure. Tukuyu haidai posho ya mvua.
Watu ndio waliokuwa na bei.

Mimi nilishika daftari.
Elfu kumi kwa kichwa, na sahani ya wali maharage,
na nauli kwa wanaotoka Kiwira.
Nilizidisha mara mbili, jibu likagoma kupungua.
Nikampigia Bwana Kisanga, ofisini kwake, mbali,
naye alikuwa anatafuna kitu.
"Punguza," akasema. "Kamera ina jicho moja,
itajuaje?"

Basi wakawa kumi na mmoja.
Walipita wakilia,
wakazunguka nyuma ya banda la ng'ombe, wakabadilishana khanga,
wakapita tena wakilia.
Ambakisye, muuza viazi wa Isongole,
kufika saa sita alikwisha kuwa mjomba wa marehemu,
jirani yake, mdeni wake, na mchungaji.
Jeneza lilikuwa la kuazima, la fundi wa Mwanjelwa:
lirudi kesho dukani, bila tope.

Mzunguko wa tatu Mama Tusajigwe hakuzunguka.
Alikaa chini, kwenye matope,
akaweka kiganja juu ya lile sanduku tupu
akaanza kulisemesha kwa Kinyakyusa.
Habari za bati zilizobaki kumi na nne.
Habari za bei ya chai, na ndama aliyeuzwa kabla ya wakati,
na kwa nini hukuniambia kifua kinakubana,
kwa nini uliniachia nisikie kwa daktari.
Hayo hayakuandikwa na mtu.
Atupele, mwongozaji wetu,
aliyeuza pikipiki ya baba yake ili tufike siku ya tano,
alifungua mdomo aseme "kata"
akaufunga.
Gwamaka alishikilia kamera, betri ikiwaka nyekundu.
Matone yalitua kwenye lenzi. Hakuna aliyefuta.
Dakika nne na sekunde kadhaa.

Usiku, tukila ndizi kwa mkono, Atupele akasema:
"Wangekuwepo wale mia mbili
ningempanga nyuma kabisa, karibu na choo,
na nisingemsikia."

Ofisi ikatazama.
"Dakika nne mwanamke anaongea na sanduku?
Na lugha yenyewe hiyo?
Mnunuzi atahama. Na watu wa sabuni wanataka
zile khanga zionekane zimetakata."
Wakabakiza sekunde kumi na moja,
wakamwagia kinanda juu yake.
Kinanda kiligharimu zaidi ya waombolezaji wote,
ukiweka na wali.
Hilo nalo nililiandika, kwa mwandiko mzuri,
nikapiga mstari chini.

Ufukara ulituletea, fedha ikatunyang'anya,
na mpaka leo sijui niuingize safu ipi
ule mchana: mapato, au matumizi.

Tuliionyesha Mbeya, ukumbi wa kukodi,
viti vya plastiki, baridi ya Juni ikipenya chini ya mlango.
Msiba ulipofika kijana mmoja akapaza sauti:
"Huyo mjomba mbona kapita mara mbili?"
Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mimi,
Mungu anisamehe, kilinitoka kidogo.
Mama Tusajigwe alikuwa safu ya pili na mjukuu wake,
shingo ameinyoosha, anangoja.
Kinanda kikalia. Kikapita.
Tayari tulikuwa harusini.

Alinikuta mlangoni, ninakunja waya.
"Yale mengine niliyomwambia," akauliza,
"mmeyaweka wapi?"

Nikasema filamu huwa ina urefu wake.
Nikasema mambo ya kitaalamu.
"Ndaga," akanijibu, kama mtu aliyepewa chenji pungufu
na hataki ugomvi,
akajifunga kitenge, akamshika mtoto mkono,
wakaelekea stendi.

Nauli yao ya kurudi
sikuwa nimeipangia bajeti.